Mabomba ya Nyumba ya Bi Mkubwa

Picha ya kwanza aliyonitumia mume wangu aliponunua simu ya tachi ilikuwa ya bomba. Nilikuwa Nandagala kwa dada yangu, tumeinama kwenye ufuta wake, simu ikalia mfukoni mwa gauni na nikajua ni yeye. Nikanyoosha mgongo, nikafuta mikono kwenye kanga, nikafungua huku natabasamu peke yangu. Lilikuwa bomba jeusi la kushushia maji ya mvua, limepakwa rangi mpya, linang'aa, nyuma yake ukuta mweupe. Chini yake ameandika neno moja, "Limetulia." Dada yangu akachungulia, akauliza ndiyo nini hicho. Nikamwambia huyo ni mke mwenzangu mwingine.

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nasema kweli.

Watu wakisikia habari za wake wawili hudhani wanajua kila kitu, kwa hiyo nieleze. Mume wangu ana nyumba mbili. Ya kwanza iko Nachingwea, na ndani yake yumo bi mkubwa, aliyemwoa wakati mimi bado navaa sare za shule. Ya pili ni yangu, Ruangwa, niliyoijenga kwa ufuta wangu baada ya kuachika kwa mume wa kwanza: tofali za saruji, bati la bluu, madirisha ya vioo. Juma moja analala kwake, juma moja kwangu, na anabadilisha Ijumaa baada ya sala. Hajawahi kuvunja zamu. Akinunua kitenge ananunua viwili vya rangi moja. Akichinja mbuzi, nusu inapanda basi kwenda upande wa pili. Wanawake wa mtaani kwangu walikuwa wakinisifia mume mwadilifu, nami nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, huku roho inaniuma, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukigawa.

Nyumba ya Nachingwea ni ya wale wazungu waliokuja zamani kulima karanga. Karanga ziliwashinda, wakaondoka, wakaacha barabara zilizonyooka na nyumba zao. Mume wangu aliajiriwa na idara ya ujenzi akiwa kijana, fundi bomba, akapewa hiyo akae, na nyumba zilipouzwa kwa watumishi akainunua. Ina kuta nene na baraza pana, na kila pembe ina bomba la chuma linaloteremsha maji kutoka kwenye gata la ukingoni mwa paa hadi kwenye mfereji wa saruji chini. Si chuma cha siku hizi. Ni chuma kizito kilichomiminwa kwenye kalibu, ambacho hakipindiki lakini ukikigonga vibaya kinapasuka. Juu ya kila bomba kuna bakuli la chuma ambamo maji ya gata huangukia kwanza, na kila bakuli limechorwa ua ubavuni. Nani alihitaji ua huko juu ambako hakuna mtu anayetazama, sijui. Mume wangu alikuwa analitazama.

Kila mwaka, korosho zikianza kuokotwa na mawingu yakianza kukusanyika bila kunyesha, alikuwa anapanda ngazi. Alitoa majani ya mwarobaini na viota vya ndege kwenye gata. Halafu aligonga bomba kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini, sikio amelisogeza. Bomba zima hulia kama kengele ya shule. Lenye ufa hulia kama chungu kibovu. Akisikia chungu kibovu, siku hiyo hali chakula vizuri. Aliparua kutu kwa brashi ya waya, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akasubiri, akapaka nyeusi, akasubiri, akapaka nyeusi tena. Kwenye maungio aliziba kwa kamba ya katani iliyolowekwa lami. Nami nilikuwa nayajua haya yote kabla sijayaona, kwa sababu alikuwa ananisimulia.

Niliyaona kwa macho yangu mwaka aliomwoza binti yake mkubwa. Nilikwenda Nachingwea siku mbili kabla ya harusi kusaidia kupika, kama inavyonipasa. Uwanja umejaa wanawake wanachambua mchele, masufuria ya kukodi yamepangwa barazani, wajomba wa bi harusi wanafika kutoka Naipingo na mabegi yao, na baba mwenye harusi yuko juu ya ngazi. Amefunga kioo kwenye kijiti na anakipitisha nyuma ya bomba, upande unaotazama ukuta. Baadaye alinieleza kwamba kutu huanzia huko nyuma, na ukisubiri kuiona mbele umechelewa. Lakini wakati ule sikusikiliza habari za kutu. Nilikuwa nakitazama kile kioo. Kilikuwa kioo changu kidogo cha kupakia wanja, nilichokitafuta nyumba nzima na kumsingizia mtoto wa jirani.

Alikuwa anakitumia kutazama mgongo wa bomba. Mimi ambaye kioo kile nilikinunua nijirembe kwa ajili yake, sikumbuki kama aliwahi kuniambia wanja umenikaa. Na alikuwa anaongea nalo, tena kwa Kimwera, lugha ya kwao, polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa. Kwetu sisi ni Wamakua, wazee wetu walitoka ng'ambo ya mto Ruvuma, na Kimwera changu ni cha sokoni tu. Kwangu anaongea Kiswahili. Nilisimama pale na ungo wa mchele mkononi, wivu umenipanda mpaka masikio yanachemka, na mbele yangu hakuna hata mwanamke wa kumkata jicho.

Bi mkubwa alitoka jikoni na kikombe cha chai, akakiweka kwenye ngazi ya chini, akarudi ndani bila kusema neno. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Niliusoma ukimya wake kuwa ni kiburi. Nilijiambia, haya, anajua alichonacho, hana haja ya kusema.

Kwangu alikuwa haji na nyundo wala brashi. Ya kufanya nini? Nyumba yangu haikuwa na gata, maji yalishuka kutoka batini yakachimba mstari wake chini na mambo yakaishia hapo. Mabomba ya ndani ni ya plastiki, hayaoti kutu wala hayalii. Alikuwa anafika Ijumaa jioni na mfuko wake, anavua viatu, anakaa kwenye mkeka. Basi. Nikimenya mihogo, anachukua kisu anamenya na mimi. Ananiuliza bei ya ufuta mnadani, ananiuliza nimeota nini, ananisimulia mambo ya ujana wake ambayo nilikwisha kuyasikia. Mara nyingine alinyamaza tu, akanitazama nikishona, mpaka nikamuuliza ana shida gani. Hana shida. Nilikuwa nawaambia wenzangu wa mtaani kwamba mimi nimeolewa na mgeni. Kwa mwenzangu ni mume wa nyumba, kwangu ni abiria anayesubiri basi.

Basi mwaka juzi magoti yake yakagoma. Yalianza kwa kuvimba baada ya safari, baadaye yakawa yanavimba kabla ya safari. Daktari akamwambia aache kwenda na kurudi barabara ile, achague mahali pa kukaa, na huko kwingine aende mara moja moja. Alituita sote wawili, akalisema mbele yetu bila kuzunguka. Alisema si haki kuamua kwa haraka, tumpe muda. Bi mkubwa alisema sawa. Mimi pia nilisema sawa, lakini kuanzia siku ile sikulala vizuri. Nilimtaka. Nilitaka awe wangu uzee wake wote, asubuhi na jioni, nisimimine chai ya mtu mmoja kila juma la pili. Na nilijua atachagua wapi. Niliyaona yale mabomba manne yamesimama pembeni mwa nyumba yao kama wajomba wanne wa upande wa mwenzangu, na mimi sina hata mmoja.

Kila alipokuja nilimuuliza kwa mzunguko, ameamuaje. Kila mara jibu lilipitia huko huko. Ngoja nimalize kuziba ungio la pembe ya jikoni. Ngoja mvua za kwanza zipite nione kama bakuli la mbele linavuja. Jioni moja, nakumbuka nilikuwa nachambua choroko, aliniambia anafikiria kuwahi Nachingwea kabla ya zamu kwisha, kwa sababu radi zimeanza na hajapaka rangi ya mwisho. Mtu ambaye hajawahi kuvunja zamu kwa homa, kwa msiba, anaivunja kwa rangi.

Nikaweka ungo chini.

"Miaka yote hii umempa mwenzangu mikono yako," nilimwambia. "Mimi umenipa nini cha mikono yako? Nyumba ulinikuta nayo. Kitanda ni changu. Hata msumari unaotundikia kofia nilipigilia mwenyewe."

Nilitegemea anijibu, tugombane, nipate pa kulilia. Badala yake alisugua goti, na usoni mwake niliona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa anapiga hesabu ya uadilifu wake, na imemkataa.

"Una haki," alisema, akaenda kulala.

Ijumaa ya zamu yangu iliyofuata hakufika na basi. Alifika na kirikuu, kigari cha mizigo. Nyuma, juu ya magunia, yamelazwa mabomba mawili ya chuma, na mabakuli yao mawili yenye maua yamefungwa kwenye blanketi. Mtaa mzima ulitoka. Alishuka kwa shida, ameshika mlango, akaniambia amegawa, mawili ya bi mkubwa na mawili yangu. Alisema kama anavyosema akileta nusu ya mbuzi.

Sijui mwanamke mwingine angefanya nini. Angecheka, labda. Mimi nililia kwa furaha mbele ya dereva wa kirikuu.

Fundi wa bati alinitengenezea gata, na mume wangu akaanza kazi. Tofali zangu hazikuzoea uzito ule, ikabidi achimbe, aweke vishikizo vya chuma kwa saruji, asubiri, ajaribu tena. Mimi nilishika ngazi. Nilimpa misumari, nilimpa maji, nilichemsha lami kwenye kopo la maziwa mpaka nyumba nzima ikanuka barabara mpya. Nilijifunza kugonga na kusikiliza. Mtaani nilikuwa natembea mabega juu. Wenzangu wakiuliza yale mabomba meusi ni ya nini kwenye nyumba ya tofali, nawaambia ni ya zamani, hayapatikani tena, mume wangu ameniletea. Kijicho nilichokuwa nacho mimi sasa nilitaka wawe nacho wao. Mmoja alisema nyumba inaonekana kama mtu aliyevaa viatu vya babu yake. Nikajua amepata gere.

Juma langu lilikwisha, Ijumaa ikafika, hakuondoka. Alisema ungio moja bado halijakauka. Ijumaa nyingine, alisema bakuli la kulia limekaa upande, linahitaji kushushwa. Kila siku baada ya alfajiri alikuwa nje na ngazi, na jioni nikimwita kula anasema anakuja. Mihogo nilimenya mwenyewe. Sikulalamika, kwa sababu niliona nimeshinda. Hakuwa ametamka bado, lakini mwanamume ambaye haondoki ameshasema. Nilichokuwa nasubiri ni bi mkubwa kuja kunitukana, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tayari, makali na mafupi.

Alikuja baada ya mvua ya kwanza, na basi la asubuhi, peke yake, na kikapu cha korosho alizobangua mwenyewe. Alisimama uani akayatazama mabomba. Akamtazama mume wetu, ambaye alikuwa juu ya ngazi, ametugeuzia mgongo, anaparua kitu kwenye bakuli. Alimsalimia. Naye akaitikia bila kugeuka, akamuuliza watoto hawajambo, akaendelea kuparua. Bi mkubwa akavua viatu, akaja kukaa na mimi kwenye mkeka.

Nilimpa chai. Yale maneno niliyoyapanga yalikuwa yanatafuta mlango.

"Yale mawili yaliyobaki nimeyashusha," alisema. "Fundi ameniwekea ya plastiki pembe zote nne. Hayo mawili yanakuja kwako Jumatatu, nimeshampata mwenye gari."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, dada, yale ni fungu lako.

"Amenipigia simu juzi. Atakaa hapa, ameshaamua. Nimemwambia sawa." Alimung'unya korosho taratibu. "Kama anakaa hapa, vitu vyake vikae hapa."

Hicho ndicho nilichokuwa nakiomba usiku na mchana, nami nikasubiri furaha ije. Badala yake nikajikuta namtazama usoni, nikitafuta hasira. Nikamuuliza kama hajakasirika.

"Nilikasirika zamani, mdogo wangu, nikachoka." Hakuwa ameinua sauti. "Mimi nimezaa naye, nimeoza binti naye, lakini habari zangu zote nimempa akiwa juu ya ngazi. Mama yangu alipofariki kule Lionja, mimi ndiye niliyetoka nje kumwambia. Aliniambia pole huko huko juu. Nikasubiri ashuke. Alimaliza kwanza kuziba."

Aliitazama chai yake.

"Wewe nilikuwa nakuonea wivu sana. Siyo kwa ajili ya usiku, hayo yaliniisha mapema. Kila Ijumaa akipanda basi, nilikuwa nasema, huyo anakwenda mahali ambako hakuna bomba. Huko atakaa chini. Huko atamtazama mtu usoni wakiongea." Halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia tena ya kukinunua, "Alikuwa anakaa?"

Ningeweza kumdanganya. Moyoni nilimwona mume wetu amekaa pale pale kwenye mkeka, na kisu, ananiuliza nimeota nini, ananitazama nikishona mpaka namsuta kwa kunitazama. Miaka yote ile ya kukaa naye mkekani nilikuwa nimeibeba nikiiita upungufu. Mwenzangu aliilia akiwa Nachingwea, mimi niliipokea kila juma la pili bila kuihesabu, na mwisho nikaibadilisha kwa vyuma kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Alikuwa anakaa," nilimwambia.

Alitikisa kichwa mara moja, akaanza kutafuta viatu vyake, maana basi la kurudi huondoka mapema. Nilimtazama akifunga ushungi wake vizuri. Alikuwa anarudi kwenye nyumba yenye plastiki pembe nne, isiyodai kitu kwa mtu, nami nikasikia wivu ukinipanda upya, ule ule.

Juu ya ngazi mume wetu aliomba apewe brashi ya waya. Bi mkubwa alinitazama, hakuinuka. Nikainuka mimi, nikaichukua, nikamfikishia. Alinyoosha mkono nyuma akaipokea, akasema ahsante, na hakugeuka kuona ni yupi kati yetu aliyempa.